Kamusi ya Green: msaada kwa anayekwama kwenye mazungumzo ya riwaya za Kiingereza

Nilikwama kwa mtoto muuza magazeti.

Riwaya yenyewe ni ya upelelezi, ya Kimarekani, mambo yake ni ya miaka ya 1930. Jalada limechanika pembeni na kurasa zimeingia rangi ya chai. Niliinunua kwa kijana anayetandika vitabu vya mitumba kando ya njia karibu na Mwembe Tayari, hapa Mombasa. "Ami, hiki nipe mia na hamsini, wewe mteja wangu," akaniambia. Nikatoa mia na ishirini, akapokea. Ukurasa wa 40 na kitu ni usiku, mpelelezi amesimama kwenye kona na mtoto anayeuza magazeti. Amemuuliza maswali mawili matatu kuhusu gari lililopita. Kisha mwandishi anasema mpelelezi alimrushia yule mtoto "two bits" akamwambia "blow".

Hakuna neno hapo nisilolijua. "Two" ni mbili, "bits" ni vipande, "blow" ni puliza. Kwa hiyo nilielewa kwamba mtoto amepewa vipande viwili vya kitu fulani na kuambiwa apulize. Apulize nini? Nikaona bila shaka ni firimbi. Mpelelezi anamtegeshea mtu, mtoto atapiga firimbi, polisi watatokea. Nikasoma kurasa 30 nzima nikiwangoja hao polisi. Kila mwanamume mwenye koti aliyeingia kwenye hadithi nilimdhania kuwa ndiye askari aliyeitwa kwa firimbi, na mmoja wao, ambaye mwishoni ndiye aliyekuwa muuaji, nilimwamini tangu anafungua mlango kwa sababu hiyo hiyo. Hadithi yote ilipinda kwa maneno matatu.

Nieleze nilivyofika hapo, kwa sababu najua tuko wengi. Mimi ni karani wa stoo Shimanzi na nyumba yangu iko Likoni. Kiingereza changu ni cha shule na cha kazini. Nikipewa hati ya forodha, orodha ya mizigo au barua ya bima naisoma bila kusita, na nikiulizwa naijibu kwa maandishi safi. Lakini hicho ni Kiingereza cha makaratasi, hakina watu ndani yake. Miaka miwili iliyopita niliamua kujifunza Kiingereza cha watu wanaozungumza, nikaona njia rahisi kwangu ni riwaya, maana asubuhi na jioni nina muda wa kungojea feri na nafasi ya kusoma nikisimama.

Nilichogundua ni kwamba anaposimulia mwandishi, naelewa. Mvua, barabara, taa, kofia, hayo yote napita. Wakianza kuzungumza wale watu wake ndipo napotea. Na riwaya za upelelezi siri zake zote zimo kwenye mazungumzo. Ukipotea hapo umepoteza kitabu.

Kamusi ya shule ilinisaidia kidogo sana. Ni kamusi nzuri, ninayo tangu sekondari, lakini imeandikiwa mwanafunzi anayefanya insha. Nikahamia kwenye simu, nikaingia tovuti moja ambayo kila anayetaka huandika maana anayoitaka. Huko nilipata maana saba za neno moja, tano zikiwa matusi, na hakuna hata moja iliyofaa kwa mtu aliyevaa kofia mwaka 1934. Nikauliza vijana kazini. Wao Kiingereza chao cha mtaani ni cha nyimbo za juzi, na walinijibu kwa moyo safi, ila majibu yao yalikuwa ya juzi vilevile.

Binti yangu ndiye aliyenitoa. Aliniona usiku mezani na ile kamusi ya shule, akaniuliza natafuta nini. Nikamwonyesha.

"Baba, hilo hulipati humo," akasema. "Wewe wataka kamusi ya misimu, haya maneno ya mtaani, tena yenye miaka."

Akachukua simu akaniandikia: Green's Dictionary of Slang.

Ni kazi ya Jonathon Green, Mwingereza aliyezaliwa 1948 na ambaye ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kukusanya maneno ya mtaani ya Kiingereza. Ilitoka kwanza kwa kuchapishwa, mwaka 2010, juzuu tatu nene. Mwaka 2016 ikawekwa kwenye intaneti, na sasa inasomwa bure. Ina maneno na misemo zaidi ya laki moja, ya miaka kama 500, kutoka Uingereza, Marekani, Australia, Karibiani na kwingineko ambako Kiingereza kimepita. Kazi hii ina wazee wake, kwa mfano Francis Grose aliyechapisha kamusi ya maneno ya mtaani London mwaka 1785, na Eric Partridge, mzaliwa wa New Zealand, aliyetoa yake 1937. Mimi ninayeitumia kwenye simu ya kawaida, la kunifurahisha kwanza lilikuwa kwamba kurasa zake ni maandishi matupu. Hakuna video inayojifungulia na kukumalizia bando.

Ukiandika neno, unapata maana zake zimepangwa, na chini ya kila maana kuna mistari ya ushahidi: mwaka, aliyeandika, na sentensi yenyewe neno lilimotumika. Hapo ndipo thamani yake yote ilipo kwa mtu kama mimi. Maana peke yake hata jirani anaweza kukupa. Ushahidi wenye mwaka unakwambia nani alikuwa akisema hivyo, wapi, na lini, nawe unaweza kupima kama yule mtu wa kwenye riwaya yako anaingia humo au haingii.

Nikaanza na "blow". Kuna orodha ndefu, nikashuka taratibu mpaka nikafika kwenye maana ya kuondoka, kwenda zako. Ni Kimarekani, na mifano yake yaanza kuonekana mapema karne ya 20. Kwa hiyo mtoto hakuambiwa apulize kitu. Aliambiwa aondoke, aishie.

Na hilo neno "ishia" lilinijia lenyewe, sikulitafuta. Fikiria mtu anayejifunza Kiswahili, amefungua hadithi ya Nairobi, anakuta mhusika anasema "wacha niishie". Atakwenda kwenye kamusi sanifu, atapata kuishia ni kufika mwisho wa kitu, na atadhani yule mtu anakufa. Kumbe yuaenda zake nyumbani. Sisi tuna "hepa", tuna "chapa lapa", tuna "kula kona", na hakuna lapa inayochapwa wala kona inayoliwa. Kiingereza nacho kina "beat it", ambayo ukiifasiri neno kwa neno ni "ipige", na maana yake ni kuondoka. Nilipoiona nikaiweka pamoja na chapa lapa na tangu siku hiyo sijaisahau. Huo ndio mtindo wangu sasa: sikariri maana, natafuta nani hapa kwetu angelisema vipi.

"Two bits" ndilo lililonikalisha macho usiku ule.

Kamusi inasema ni senti 25 za Marekani, robo dola. Basi, jibu nimepata, ningeweza kulala. Lakini robo ni moja ya nne, kwa nini iitwe vipande viwili? Vipande viwili vya robo ni nusu ya robo kila kimoja, yaani moja ya nane ya dola, senti 12 na nusu. Hakujawa na sarafu ya Marekani ya senti 12 na nusu. Nikafuatilia, nikakuta ni habari ya dola ya fedha ya Wahispania. Dola ile ilihesabiwa kuwa na reali nane, na ilikuwa pesa halali Marekani mpaka mwaka 1857, miongo mingi baada ya nchi hiyo kuwa na sarafu zake. Kipande kimoja cha nane kikaitwa "bit". Viwili ni robo. Wahispania wakaondoka, sarafu ikaondolewa, lakini mpelelezi wa miaka ya 1930 bado anahesabu kwa vipande vya nane.

Nikaacha simu nikamkumbuka nyanya yangu. Nilipokuwa mdogo alikuwa akinipa sarafu ya senti 50 na kuniambia, "Haya, kanunue mahamri ya sumuni." Sumuni ni senti 50, kila mtu wa rika langu Mombasa ajua. Lakini sikuwahi hata siku moja kujiuliza kwa nini. Sumuni, au thumuni, ni neno la Kiarabu la moja ya nane. Moja ya nane ya nini? Nusu shilingi ni moja ya mbili.

Ni moja ya nane ya riale. Pwani hii karne ya 19 watu walihesabu kwa riale ya fedha, ile yenye sura ya Maria Theresa, na riale moja ilikwenda kama rupia mbili. Waingereza walipoleta shilingi mwaka 1921, iliyokuwa rupia ikawa shilingi 2. Basi riale ni shilingi 4, na moja ya nane ya shilingi 4 ni senti 50. Nyanya alikuwa akinituma mahamri kwa hesabu ya pesa iliyokwisha kutoka sokoni kabla yeye hajazaliwa. Na neno riale lenyewe lina asili moja na ile reali ya Wahispania.

Nilikaa na hilo kwa muda mrefu. Mtoto wa Marekani anarushiwa "two bits", mtoto wa Likoni anapewa sumuni, na wote wawili pesa yao imehesabiwa kwa vipande vya nane vya dola ya fedha ya zamani. Hakuna aliyenifundisha hayo shuleni. Nisingeyapata kama kamusi ingesema tu "senti 25" na kunyamaza.

Lakini nataka kusema waziwazi mahali kamusi inapoishia, kwa sababu wapo watakaoifungua wakidhani itawasomea kitabu. Haitakusomea. Ilinipa senti 25, haikunipa uzito wake. Uzito niliupata mwenyewe kwa kurudi kwenye ukurasa: mtoto yule amesema gazeti lake ni senti 3. Senti 25 basi ni bei ya magazeti manane na chenji inabaki. Hiyo si bahashishi ya kumshukuru mtoto aliyekuonyesha njia. Ni malipo ya mtu unayetaka anyamaze. Na kweli, sura tatu mbele polisi wanamuuliza mtoto na yeye hasemi alimwona nani. Mara ya kwanza nilipita hapo bila kuona chochote, na nilikuwa nimemlaumu mwandishi kwamba amemsahau mtoto wake.

Pesa kwa kweli zinastahili uangalifu mkubwa kuliko maneno mengine yote. Katika riwaya za aina hii watu wanapeana pesa kila baada ya kurasa chache, na ni nadra mtu kutaja dola. Noti ya 5 ni "fin". Noti ya 10 ni "sawbuck", na hili ni zuri kulitazama: sawbuck ni ule mti wa mkata mbao, miguu yake imepishana kama msalaba uliolala, gogo hulazwa juu yake likapigwa msumeno. Noti za zamani za dola 10 zilikuwa na X ya Kirumi, na mtu akaona miguu ya ule mti. Noti ya 100 ni "C-note", C ya Kirumi ya mia. Dola 1,000 ni "grand". Nikaziandika nyuma ya kitabu na mbele yake nikaandika zetu: ashu ya 10, mbao, finje ya 50, soo ya 100, ngiri ya 1,000. Mbao ni shilingi 20. Anayejifunza Kiswahili akikuta kwenye hadithi makanga wa matatu anadai mbao atawaza duka la vifaa vya ujenzi.

Na kuna maneno ya pesa yanayobeba mwaka mgongoni. Mhusika akiita noti ya 500 "jirongo", msomaji wa Kenya wa umri wangu ajua mara moja tuko wapi: ni miaka ya 1990, uchaguzi wa 1992 umepita, jina limetoka kwa mwanasiasa Cyrus Jirongo. Kijana wa leo halisemi. Mwandishi akimtia neno hilo kinywani kijana wa leo, nitajua amekosea. Hivyo ndivyo ninavyotaka kuweza kusoma Kiingereza, na ni kamusi hii peke yake niliyoikuta inayonipa nafasi hiyo.

Mfano wa Uingereza ni "bob". Nimesema "bob" maisha yangu yote. Makanga wa Likoni anaita hamsini bob, nami nalipa, sikuwaza kwamba nimetumia msimu wa London. Kumbe ni neno la mtaani la shilingi ya Kiingereza, la tangu karne ya 18. Uingereza iliacha kuhesabu kwa shilingi tarehe 15 Februari 1971, na vijana wao leo "bob" hulikuta zaidi vitabuni na kwa wazee. Sisi shilingi tunayo, kwa hiyo neno lao tumebaki nalo, zima, linafanya kazi kila asubuhi. Ukikuta "bob" kwenye riwaya ya Kiingereza ya zamani, wewe Mkenya una faida kuliko msomaji mwingine yeyote duniani. Usiikimbilie kamusi.

Jambo moja la kuwatahadharisha wazazi. Misimu ya Kiingereza, kama ya kwetu, kwa sehemu kubwa ni maneno ya ulevi, wizi, ngono na kutukanana, na kamusi hii haifichi kitu. Ni haki yake, kwa sababu kazi yake ni kusema kilichosemwa. Lakini si kitu cha kumwachia mtoto wa darasa la tano peke yake na simu. Mimi mwenyewe niliwahi kukuta riwayani neno ambalo leo ni tusi zito, jina la uchi wa mwanamume, limewekwa kando ya neno "private", na watu waliitwa hivyo mbele ya wake zao bila kukasirika. Nikadhani kitabu ni cha aibu, nikakifunika kwenye feri ili aliyesimama karibu asikione. Kamusi ikanionyesha kwamba kwa Wamarekani wa miaka ile neno lilelile lilikuwa jina la kawaida la mpelelezi. Nikakifunua nikaendelea.

Matumizi yake yataka mazoea. Ufafanuzi wote ni wa Kiingereza, na umejaa vifupisho. "SE" ni Kiingereza sanifu. "Und." iliniumiza kichwa siku mbili mpaka nikaelewa ni maneno ya wahalifu, na ukiiona kando ya neno ujue mhusika wako ama ni mwizi ama anakaa na wezi. Misemo haikai peke yake, imewekwa chini ya neno lake kuu, kwa hiyo "on the lam", yaani kuwa mbioni ukiwakimbia polisi, utaitafuta kwa "lam". Maneno yanayofanana tahajia yametenganishwa kwa nambari, na usiposhuka mpaka chini utachukua la kwanza ambalo silo. Nashauri uanze na mwaka wa hadithi yako, ushuke ukitazama miaka tu, halafu ndipo usome maana.

Halafu kuna vitu ambavyo si misimu kabisa na kamusi haina kosa kutovitatua. Mwandishi akitaka usikie mhusika anavyotamka, hukata maneno na kuyagandisha. "Gimme", "whaddya", "ain't". Hayo yatibiwa kwa mdomo. Yasome kwa sauti, hata ya chini, yatajifungua: "whaddya" ni "what do you" iliyosemwa na mtu mwenye haraka. Ni kama mtu wa bara anayekutana na Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. Nyanya alimwita kijana mmoja aliyekuja kwetu kutoka Machakos, "Ndoo, mwanangu." Yule kijana, kwa adabu kabisa, akaenda uani akamletea ndoo ya maji. Nyanya alikuwa akimwambia njoo. Neno hilo hutalielewa kwa kulikodolea macho, utalielewa ukimsikia anayelisema akiwa amenyoosha mkono.

Misimu ya vina ya London mashariki nimeigusa tu, lakini nayo nataka kuitaja kwa sababu ndiyo inayowatesa wengi. Wanachukua maneno mawili ambayo la pili linalingana kwa sauti na wanachotaka kusema, kisha wanaliacha hilo la pili. "Butcher's hook", ndoano ya muuza nyama, yalingana na "look", tazama. Wanabaki na "butcher's". Mhusika anasema nipe "butcher's", na kumbe anataka kuangalia tu. Hakuna akili itakayokufikisha hapo bila kuambiwa, kwa sababu daraja limevunjwa makusudi. Si mchezo mpya, kitabu cha John Camden Hotten cha 1859 tayari kina maneno ya aina hiyo. Nasi tunao wa jamaa yake: kinyume, kule kugeuza silabi ambako watoto hufanya ili wakubwa wasielewe, na hata "risto" ya vijana ni stori iliyogeuzwa. Kwa haya kamusi ya Green inafaa sana, kwa sababu inakurudishia lile neno lililoachwa.

Niseme na kilichoniuma. Kila nikiifungua natamani ya kwetu. Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani aliyefika Mombasa 1844, aliacha kamusi iliyochapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, na ndani yake Kimvita cha wakati ule kimejaa tele. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka 1981 na inafanya kazi yake ya usanifu. Lakini nani ameandika kwamba neno fulani lilisemwa maskani za Majengo mwaka fulani, na mabaharia, na kwa maana gani, akaweka na sentensi? Sumuni inakufa mbele ya macho yangu. Binti yangu ajua maana yake kwa sababu nilimwambia usiku ule mezani, na alikuwa hajawahi kuisikia sokoni. Mjukuu wangu akija kusoma hadithi ya Mombasa ya zamani akakuta mtoto katumwa mahamri ya sumuni, ataitafuta wapi hesabu ya riale?

Kwa anayetaka kujua kama inafaa: unayesoma vitabu vipya vya shule huihitaji, kamusi yako ya kawaida yatosha. Unayesoma riwaya za zamani, za Marekani au za London, zenye watu wa mitaani wanaozungumza wao wenyewe, ifungue leo. Uwe na kalamu. Mimi huandika nyuma ya kitabu neno, mwaka, na neno letu la karibu, na kufikia sasa kurasa tupu za mwisho zimejaa nimeanza kuandika kwenye jalada la ndani.

Ile riwaya nimeimaliza mara ya pili wiki iliyopita, kwenye feri ya jioni, safari hii bila firimbi. Kijana wa Mwembe Tayari ameniwekea nyingine, ya London, anasema wahusika wake ni wabeba mizigo wa bandarini. Amesema mia mbili. Jumamosi nitapita.